Mwanamke wa Mstari wa 411

Ijumaa, 1 Novemba 2024

Mvua bado, ila mawingu ya upande wa Sibwesa yamevimba tangu asubuhi. Naanza daftari hili kwa sababu moja. Mama Marselina, mkunga wetu, ameniambia leo, mbele za watu, kwamba programu yangu ikiniumbua nisije kusema sikuonywa. Nimeona niweke ushahidi wangu mapema.

Mimi ni Optatus, mwenye stationery ya mlango mmoja karibu na stesheni, Mpanda. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nasafisha virusi kwenye flashi. Kompyuta sikuisomea. Nilifungua zilizokufa, moja baada ya nyingine, mpaka moja ikafufuka. Mwaka jana akina mama wa parokia wakaniomba niwaandikie programu ya nyumba yao ya kusubiria, na mimi, kwa kuwa sijawahi kukataa kitu nisichokijua, nikakubali.

Nyumba yenyewe ni ya wajawazito wa vijiji vya mbali, hasa waliowahi kupasuliwa. Wanakuja kukaa wiki chache kabla ya siku zao, wawe karibu na hospitali mvua ikikata njia. Kila Ijumaa programu inatoa orodha ya wa kufuatwa, na Japhet anawafuata kwa Land Cruiser ya parokia, ile yenye mlango uliofungwa kwa kamba.

Majina yanaletwa na akina mama wa vijijini, yameandikwa kwenye vikaratasi. Hapo ndipo pana sheria, na si sheria yangu. Mimba haitembezwi midomoni. Karani anamsomea mama Marselina miezi tu, bila jina, ahesabu siku ya kujifungua; akishaingiza jina kwenye mashine, kikaratasi kinaingia jikoni, chini ya sufuria ya uji. Kwa hiyo jina likishaingia, liko kwangu tu. Nilipoambiwa hivyo mwaka jana nilijisikia mtu mkubwa.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati langu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Angalau halibadiliki.

Ijumaa, 8 Novemba

Mzee Ubaldo kanipigia simu mara tatu kabla ya chai. Huyu ndiye karani wetu, zamani alikuwa kwenye ghala la tumbaku Inyonga, ana mwandiko wa kukufanya uone aibu.

"Kijana, imefungwa tena."

"Shikamoo mzee. Imesema nini?"

"Marahaba. Imesema, 'Kanzidata imefungwa, jaribu tena.' Nimejaribu tena. Imesema hivyohivyo. Haina hata adabu ya kubadilisha maneno."

Nikaenda. Ni hivi: kanzidata yetu ni faili moja tu, liko kwenye laptop ya Ubaldo. Laptop ya mama Marselina, chumba cha pili, inalifikia kwa waya. Mmoja akiwa anaandika, mwingine anasubiri. Ndivyo inavyotakiwa, vinginevyo wangeandikiana juu. Sasa mama Marselina, mkunga mstaafu wa miaka thelathini, alikuwa amefungua fomu ya mjamzito mmoja saa tatu asubuhi, akaenda kupima presha, akanywa chai, akasuluhisha ugomvi wa ndoo. Saa saba fomu bado iko wazi na kufuli bado iko mkononi mwake.

"Mama, ukimaliza funga fomu."

"Mjamzito akiniita nimwambie ngoja kwanza nifunge dirisha la Optatus?"

Nilikuwa na andazi mkononi, nikaendelea nalo.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimegundua dawa ya Ubaldo. Kufuli ikimkera anaingia chumba cha mama Marselina, anaminya kitufe cha kuwashia laptop mpaka inakufa, anarudi kwake, anaendelea.

"Unaiminya mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka iseme."

"Iseme nini?"

"Inanyamaza. Kwangu hiyo ndiyo kusema."

Nimemkataza. Amenisikiliza kwa heshima zote, kama mtu anayesikiliza tangazo la redio.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimerekebisha. Programu sasa inasubiri nusu dakika kabla ya kulalamika. Malalamiko yamepungua, nimesifiwa, nimepewa mihogo.

Daftari halina haja ya kudanganywa. Pa kurekebisha hasa napajua. Fomu inashika kufuli tangu inapofunguliwa, wakati ingepaswa kuishika pale tu mtu anapohifadhi. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo, usiku mmoja wa haraka. Ni kazi ya siku mbili, na shule zinakaribia kufunga, walimu wamejaa dukani na ripoti zao. Nitaifanya baadaye.

Nimechukua nakala ya wiki kwenye flashi.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Kenge kaingia dukani, kapita chini ya mashine ya fotokopi, katoka. Hakutaka huduma.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua ya mawe saa tisa alasiri. Umeme ukakatika mji mzima. Betri ya laptop ya Ubaldo ilikufa tangu Pasaka, kwa hiyo umeme ukienda nayo inaenda.

Vikaratasi vitano vilikuwa vimetoka Sibwesa leo asubuhi. Baada ya dakika arobaini umeme ukarudi, Ubaldo akanipigia.

"Nilikuwa ndiyo nimebonyeza 'hifadhi' kwa wote watano. Giza."

"Umefungua tena?"

"Nimesafisha, nimefungua, inafanya kazi."

"Tafuta jina mojawapo."

Nikasikia anaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama anachuma mchicha.

"Aurélie. Huyu hapa. Na kijiji, na tarehe."

"Basi wameingia."

"Vikaratasi je?"

"Choma," nikamwambia.

Ijumaa, 29 Novemba

Orodha ya leo fupi: wawili wa Inyonga, mmoja wa hapa karibu. Wa Sibwesa hakuna hata mmoja. Japhet kafurahi, njia ya Sibwesa imeanza kuwa uji. Nimechukua nakala ya wiki.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua siku ya tatu mfululizo. Nguo hazikauki. Wateja wanakuja kufotokopi karatasi zilizolowa na kuuliza kwa nini nakala ina mawimbi.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo kuna kitu.

Saa nne asubuhi bajaji imesimama getini, akashuka mwanamke, tumbo mbele, begi kichwani, matope mpaka magotini. Hakusalimia. Alimtazama mama Marselina, akauliza:

"Mbona hamkunifuata?"

Ni yule Aurélie. Aliambiwa na mama Vénérande, ambaye ndiye anayekusanya majina ya Sibwesa, kwamba gari lingemfuata mwisho wa Novemba. Akasubiri. Gari halikwenda. Akapanda lori la mkaa.

Mama Marselina akamtafuta kwenye mashine kwa jina, akampata. Akatazama orodha ya wiki iliyopita, na ya leo, hayupo.

"Optatus! Mtu yupo, halafu hayupo. Nielezee hiyo kwa Kiswahili."

Nikasema labda tarehe iliandikwa vibaya. Tukatazama. Tarehe ni sahihi kabisa. Nikasema labda orodha imechujwa vibaya. Haijachujwa. Nikaishiwa na labda.

"Vikaratasi vilikuwa vitano," akasema Aurélie, amekaa chini sasa, anavua viatu. "Mama Vénérande alivihesabu mbele yangu. Mmoja hali yake si ya kungoja. Ana kovu la kupasuliwa, na mtoto wa kwanza hakuishi."

"Nani huyo?" akauliza mama Marselina.

Aurélie akainamia kiatu chake. "Simjui jina," akasema, na kila mtu chumbani akajua kwamba analijua, na kwamba hatalisema.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimefunga duka. Nimezima programu kwenye laptop zote mbili, nikanakili folda nzima kwanza, ndipo nikaanza kugusa nakala. Hilo angalau nilijifunza siku niliyoua picha za harusi ya watu kwenye flashi.

Nimeiamuru kanzidata ijikague. Majibu yamejaa kioo, mistari mitano: 407, 408, 409, 410, 411, kila mmoja "haupo kwenye faharasa."

Nieleze, maana nikija kusoma mwakani nitakuwa nimesahau. Kanzidata ni kama kitabu. Watu wameandikwa ndani, halafu nyuma kuna faharasa inayosema mtu wa tarehe fulani yuko ukurasa fulani. Ukitafuta kwa jina, programu yangu inafunua kitabu ukurasa kwa ukurasa mpaka imkute. Orodha ya Ijumaa inatazama faharasa ya tarehe tu. Wale watano wameandikwa kitabuni, lakini faharasa haijawahi kusikia habari zao.

Sasa inawezekanaje nusu iandikwe na nusu isiandikwe? Kanzidata hii ina tahadhari yake. Kabla ya kubadilisha ukurasa wowote, inanakili ukurasa wa zamani kwenye faili dogo la pembeni. Ikimaliza salama, inalifuta yenyewe. Umeme ukikatika katikati, faili lile linabaki, na programu ikifunguliwa inalisoma na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa hiyo tarehe 22 Ubaldo angefungua, asingemkuta Aurélie wala mwingine, angeandika upya, kwisha habari.

Ila faili la pembeni halikuwepo.

Nimelikuta saa nane mchana, kwenye pipa la taka la laptop ya Ubaldo. Si moja. Yako kumi na moja, yote yana jina lilelile. La mwisho kabisa: 22 Novemba, saa kumi kasoro dakika kumi. "Nimesafisha, nimefungua."

Mara kumi alilifuta na hakukutokea kitu, kwa sababu laptop ya mama Marselina ilizimwa kabla kurasa zenyewe hazijaguswa. Mara ya kumi na moja zilikuwa nusu njia. Kulirudisha sasa hakusaidii. Lina kurasa za zamani tu, majina mapya hayamo, na tumeshaandika mengi juu yake.

Nakala ya tarehe 15 haina watu hao. Nakala ya tarehe 29 ina ugonjwa uleule.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemkamata Ubaldo baada ya misa, nje ya ukumbi, mwavuli mmoja watu wawili.

"Mzee, kuna faili dogo linakaa karibu na kanzidata. Umelifuta mara kumi na moja."

"Lile lenye mkia? Virusi."

"Nani kakwambia ni virusi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe."

"Mimi?"

"Dukani kwako, juu ya mashine ya fotokopi, herufi nyekundu: FAILI USILOLIJUA, FUTA. Nilikuomba nakala, ukanichapia. Iko mezani kwangu, nimeiwekea plastiki."

Ni kweli. Nimekwenda dukani moja kwa moja kuiangalia. Iko pale miaka minne. Niliiandika kwa ajili ya watoto wa chuo na flashi zao.

Mama Marselina aliniuliza leo jioni, "Faili lilifutwa na nani?" Nikasema lilifutwa kwenye laptop ya mzee. Akasubiri niendelee. Sikuendelea.

Jumatatu, 9 Desemba

Ubaldo ameondolewa kwenye mashine. Amewekwa getini kupokea wageni. Kakaa kwenye kiti cha plastiki, kalamu mfukoni, hana cha kuandika.

Nimeijenga faharasa upya, kwanza kwenye nakala, halafu kwenye faili lenyewe. Watano wote wakarudi kwenye orodha. Nikapiga meza kwa furaha. Halafu nikasoma.

407, jina lipo. 408, Aurélie. 409, 410, majina yapo. 411: Sibwesa. Siku ya kujifungua 3 Januari. Kovu: ndiyo. Mtoto aliye hai: hakuna. Jina:

"anywe maji mengi, arudi Juma"

Maelezo ya huyu yalikuwa marefu, mstari wake ukamwagikia ukurasa wa ziada, na ukurasa ule haukuwahi kuandikwa. Pamebaki masalia ya mtu mwingine tuliyemfuta mwaka jana, ushauri wake umekatika kabla Juma haijafika kuwa Jumatatu au Jumanne. Na jina limeangukia huko kwa sababu mimi niliweka jina mwisho kabisa, baada ya maelezo. Mwanzoni nilidhani namba zinatosha. Mama Marselina ndiye aliyesema mtu si namba, nikaongeza jina mkiani.

Nimemwita nikamwonyesha. Amesoma mara mbili.

"Mwenye kovu anatakiwa awe hapa wiki nne kabla," akasema. "Huyu ameshachelewa. Uchungu ukimkuta kule, kovu likafunguka, hafiki hata mtoni."

Japhet ameondoka kuwafuata wale watatu. Wa 411 hatujui amfuate wapi. Sibwesa ni kubwa, na huwezi kusimama sokoni ukauliza nani ana mimba na kovu.

Jumanne, 10 Desemba

Nimempigia mama Vénérande.

"Mama, yule wa tano kwenye vikaratasi, mwenye kovu. Anaitwa nani?"

"Simu yako umeiwasha spika?"

"Hapana."

"Yangu ndiyo inasikika mpaka kwa jirani. Karatasi niliwapa, mwana wanje." Ndivyo kwao wanavyosema mwanangu.

"Karatasi tulichoma."

"Ego, ndiyo, ndivyo tulivyopatana." Akakata.

Jumatano, 11 Desemba

Japhet karudi na wale watatu, gari limebadilika rangi. Anasema maji ya mto yamefika kwenye magogo ya daraja la njia ya Sibwesa.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama Marselina kapiga yeye. Kajibiwa hivyohivyo, ila kwa heshima zaidi.

Aurélie naye amebanwa kwa upole, kwa ukali na kwa chapati. Amekula chapati.

Ijumaa, 13 Desemba

Orodha imetoka. Mstari wa kwanza kabisa: anywe maji mengi, arudi Juma.

Jumatatu, 16 Desemba

Zile siku mbili za kurekebisha kufuli zilikuwa siku moja na nusu. Fomu sasa inaweza kukaa wazi mpaka ng'ombe warudi. Kufuli inashikwa pale tu mtu anapohifadhi, kufumba na kufumbua. Nimejaribu kwa laptop zote mbili, mara mia. Haikulalamika hata mara moja. Ingefanywa tarehe 15 Novemba, Ubaldo asingezoea kuzima laptop za watu na kufagia nyuma yao.

Nilipotoka mvua ilikuwa inapiga ya pembeni. Ubaldo yuko getini, mwavuli kampa mjamzito mmoja aende chooni, yeye kasimama na gunia kichwani. Akaniuliza, "Imepona?"

Nikarudi ndani.

"Mama," nikasema, "mzee alifuta faili kwa sababu mimi nilimfundisha, nina bango ukutani. Alikuwa anazima laptop yako kwa sababu kufuli yangu ilikuwa mbovu, na nilijua. Na vikaratasi, mimi ndiye niliyesema choma kabla sijahakikisha."

Mama Marselina alikuwa anakunja kanga. Akamaliza kukunja ya kwanza, akaanza ya pili.

"Siku nane mzee wa watu ananyeshewa pale."

"Ndiyo."

"Kesho mnakwenda Sibwesa, nyie wawili. Yeye anajua kuomba radhi. Wewe utabeba mizigo."

Jumanne, 17 Desemba

Tumeondoka alfajiri na Japhet. Njiani nilimwambia Ubaldo kila kitu nilichomwambia mama Marselina. Akafuta ukungu kwenye kioo, akasema, "Mimi nilishajua ni wewe. Nilikuwa nangoja na wewe ujue." Japhet akacheka mpaka akaingiza tairi kwenye shimo. Tulisukuma dakika arobaini. Nilisukuma mimi, yaani.

Mtoni gari halikupita. Maji yalikuwa yanalamba magogo na kurudi. Japhet akabaki. "Saa nane msipoonekana, naondoka kwenda juu, hapa patakuwa ziwa." Tukavuka kwa miguu, Ubaldo mbele, viatu shingoni.

Mama Vénérande tumemkuta barazani kwake anachagua mbegu za maharage, mbovu kushoto, nzima kulia. Akatupa vigoda. Akauliza habari za Mpanda, za mama Marselina, za Aurélie. Nikafungua mdomo, Ubaldo akanigusa goti.

"Dada," akasema, "tumekuja kwa sababu tumempoteza mtu wako."

Akaeleza, polepole. Hakusema mashine, hakusema faili. Alisema, "Nilipewa karatasi tano, nikaziandika, umeme ukaenda, nikafagia nisichokijua, mmoja akabaki bila jina. Mkono uliofagia ni huu." Mimi nilikuwa tayari kusema ni mkono wangu pia, lakini mama Vénérande alikuwa hanitazami.

"Na karatasi?"

"Tulichoma."

"Hapo mlifanya vizuri." Akaendelea na maharage. "Mnajua kwa nini sisemi? Mimba yake ya kwanza, walimtangaza kanisani watu wamwombee. Jina lake na la mumewe, kwenye kipaza sauti. Wiki ileile akamzika mtoto. Mama mkwe wake akanishika mkono akaniambia, huyu wa pili midomo isimguse. Mume wangu mwenyewe sijamwambia. Nikaandika, nikampa Japhet mkononi. Halafu wewe" — hapo sasa alinitazama — "ukamtia kwenye mashine, mashine ikamla."

"Haikumla, mama. Tarehe yake ipo, kijiji kipo, kovu—"

"Na jina?"

"Mahali pa jina pameandikwa 'anywe maji mengi, arudi Juma'."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akanitazama, akamtazama Ubaldo, halafu akacheka, kicheko kikubwa cha mama mtu mzima, mpaka kuku wakasogea.

"Yoo! Hapo hata mchawi akisoma hampati."

Ubaldo naye akacheka. Mimi nilicheka mwisho, kwa adabu.

Akajifuta macho. "Jina sisemi, Ubaldo. Ila miguu ninayo. Nitakwenda kwa mama mkwe wake, niketi naye. Akikubali, nitamleta mwenyewe."

"Lini, mama?" nikauliza. "Mto—"

"Mto nimeuona kabla hujazaliwa."

Hakusema lini. Saa saba na nusu tukarudi. Gogo la katikati lilikuwa chini ya maji tayari. Tulivuka tumeshikana mikanda.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua. Hakuna habari.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua. Simu ya mama Vénérande haipatikani. Japhet kaenda mpaka mtoni, karudi. Daraja halionekani.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua. Orodha imetoka, jina lilelile mstari wa kwanza. Mama Marselina kaibandika ukutani. Ameandaa kitanda karibu na mlango, kakitandika, na kila akipita anakinyoosha shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Nimeng'oa bango langu. Ubaldo kang'oa lake, kanirudishia na plastiki yake.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimejaribu kufikiria mambo mengine. Hayapo.

Jumapili, 22 Desemba

Jua, tangu asubuhi. Kanisani kila mtu ameshukuru. Mimi nilikuwa nahesabu: maji yakishuka leo, kesho.

Jumatatu, 23 Desemba

Saa kumi alasiri lori la mbao limepiga honi getini. Ubaldo, ambaye amesharudishwa kwenye mashine ila bado anakaa pale kwa mazoea, akasimama. Dereva akashuka, akafungua mlango wa upande wa pili, akashuka mama Vénérande, kitenge kimekauka na matope kama ubao. Nyuma yake, taratibu, mkono mmoja kwenye mlango na mwingine chini ya tumbo, msichana wa miaka ishirini na kidogo, amevaa koti kubwa la mvua la kiume, limefungwa mpaka kidevuni.

Walikaa usiku nne kwenye nyumba ya ndugu ng'ambo ile, wakingoja maji yapungue. Jana mchana wanaume wanne waliwavusha.

Mama Vénérande akampita kila mtu, akaenda mpaka kwa mama Marselina.

"Nimemleta. Mtakapomwandika, mwandikeni yeye akiwa amekaa hapo anaona."

"Baadaye," akasema mama Marselina, ameshamshika msichana kiwiko. "Maumivu yameanza?"

"Yanakuja, yanaondoka," akasema msichana. "Tangu kwenye lori."

"Optatus, ondoka mlangoni!"

Nikaondoka mlangoni.

Jumanne, 24 Desemba

Maumivu yametulia. Wamemlaza hospitali wamtazame. Mama Marselina karudi jioni kuchukua kanga, kaenda tena.

Ijumaa, 27 Desemba

Leo asubuhi uchungu umeanza kweli, wakampeleka thieta mara moja. Mtoto wa kike. Mama mzima. Daktari kamwambia mama Marselina kwamba kovu lilikuwa limebaki kama karatasi ya sigara. Saa mbili zaidi za uchungu, basi.

Mama Marselina alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye ngazi ya duka langu, viatu kavua. Halafu akaomba maji. Sijawahi kumwona akiomba kitu.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Yule msichana amerudi kwenye nyumba jana, apumzike kabla ya safari. Leo saa nne amekuja mwenyewe chumba cha Ubaldo, mtoto mgongoni mwa mama Vénérande, akasema yuko tayari kuandikwa.

Ubaldo yuko kwenye kiti chake. Nimemwekea betri mpya. Mimi nimesimama ukutani.

"Jina?"

"Emelyne."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Ubaldo akafuta yale maji mengi na ile Juma, akaandika, kidole kimoja, herufi baada ya herufi, Emelyne amemwinamia begani akizihesabu. Akahifadhi. Akafunga programu yote, akaifungua upya, akatoa orodha, jina lipo. Akafanya hivyo mara ya pili bila kuambiwa. Nikaona aibu kwamba wazo hilo halikuwa langu.

Emelyne akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa imeandikwa nini?"

"Siku ya kujifungua, tarehe 3 Januari," akasema Ubaldo. "Leo."

"Imekosea. Amekuja tarehe 27."

Mama Vénérande akageuka kunitazama mimi. "Umeona mashine yako?"

Nilitaka kueleza kwamba tarehe ile haikuhesabiwa na mashine. Aliihesabu mama Marselina, kwa vidole, na alikuwa amesimama palepale mlangoni, anatazama dari. Nikafungua mdomo. Halafu nikaona msimu mzima watu wamebeba makosa ya mashine yangu. Nayo ibebe moja la watu.

"Imekosea kweli," nikasema. "Mzee, andika 27."